Pete za Shaba za Jirani Yangu

Jirani yangu wa karakana hakuwahi kumpima mtu kidole. Mimi ni fundi wa nguo, tepu imekaa shingoni mwangu tangu nikiwa msichana, kwa hiyo jambo hilo liliniudhi kabla hata sijamjua vizuri. Mteja anaingia, amesafiri kutoka Nairobi au Mombasa, ameziona pete zake kwenye simu, anatoa kidole. Yeye anakitazama kidogo, anachukua kipande cha shaba, anakikunja, anakigonga mara chache kisha anamvalisha.

"Vaa hii mwezi mzima," anamwambia. "Oga nayo, lala nayo, lima nayo kama unalima. Usiivue. Halafu uirudishe, nikutengenezee pete yako."

Mteja akiuliza kwa nini, jibu lilikuwa lile lile. "Kwa sababu leo kidole chako kimekuja kunitembelea. Mimi nataka kukijua kikiwa nyumbani."

Hapa Voi walimwita Fundi tu, nami sitamwita jina lingine. Alizaliwa wapi na kwa nani, hayo wanayajua waliotaka kuyajua. Mimi ninachokijua ni ukuta wa mbao uliotutenganisha kwa miaka kumi na mmoja, nyuma ya duka la mbegu, karibu na reli. Upande wangu kulikuwa na cherehani mbili na marundo ya sare za shule. Upande wake kulikuwa na meza iliyoungua ungua, tupa za kila namna, mtungi wa gesi, na yale mawe ya kijani ya huku kwetu, ambayo sisi tunayachimba na watu wa mbali wanayavaa.

Kazi yake ilikuwa nzuri, hilo sitalificha kwa sababu ya wivu. Hakulikata jiwe likafanana na mawe mengine. Aliliacha na umbo lake, akalizungushia fedha au dhahabu nyembamba, na mara nyingi aliongeza jiwe lingine dogo sana kwa ndani, upande wa ngozi, pasipoonekana na mtu. Nikamuuliza siku moja faida ya pambo lisiloonekana ni nini. "La nje ni la watu," akasema. "La ndani ni la mwenyewe." Pete zake alizipiga picha juu ya mchanga, juu ya jani, juu ya kitambaa changu cha sare, lakini hazikuonekana hata mara moja kwenye mkono wa mtu. Alisema pete isizoeshwe mkono usio wake.

Yeye mwenyewe hakuvaa kitu, wala pete, wala hereni, wala saa. Alitengeneza pete za harusi nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikumwona akienda kwenye harusi hata moja. Mazishi, hayo alienda. Alisimama nyuma kabisa, na wakati wa kula alikuwa ameshaondoka. Alikuwa hodari wa kushika chuma chekundu kwa koleo, lakini kuku akiingia karakana alipanda juu ya kiti na kuniita kupitia ukutani, "Wakesho, njoo umtoe huyu mnyama wako." Kuku hakuwa wangu. Nilimtoa, nikarudi na kucheka peke yangu hadi sindano ikanidunga.

Shaba ikirudi baada ya mwezi, ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Aliishika dirishani, akaigeuza polepole, akainusa. Jasho hubadilisha shaba, hata mimi najua. Vifungo vya koti vinaacha rangi ya kijani kwenye kitambaa. Lakini yeye aliisoma kama mtu anayesoma barua. Mke wa mchungaji mmoja kutoka Mwatate alirudisha ya kwake ikiwa imepiga weusi upande mmoja, naye Fundi akamwambia aende akapimwe sukari. Akaenda, akakutwa nayo. Karani mmoja alirudisha ya kwake inang'aa, akaapa kwamba ameivaa. "Ilikuwa kwenye droo," Fundi akamwambia, "tena droo yenyewe ina sabuni." Karani akaangalia viatu vyake.

Hayo yana maelezo, na mimi si mtu wa kuamini ovyo. La mwalimu mmoja wa Ronge halina maelezo, nami nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti cha wageni nikila mahindi. Alikuwa mtu wa makamo aliyefiwa na mke, anataka kuoa tena. Fundi aliigeuza shaba yake kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Mwalimu, hii imevaliwa na watu wawili."

"Haiwezekani. Sijaivua. Na ninaishi peke yangu."

"Najua unaishi peke yako," akasema Fundi kwa upole. "Zungumza naye kwanza. Halafu urudi."

Mwalimu hakuuliza ni nani. Alivaa kofia yake, akatoka kwenye jua la saa saba. Hakurudi, na mahindi yangu yalinishinda.

Zile shaba hazikuwa za kuchukua nyumbani. Mteja aliondoka na pete yake, shaba ikabaki. Fundi aliitoboa tundu dogo, akaitundika kwenye waya mrefu uliotoka pembeni mwa dirisha hadi kwenye kalenda ya kanisa, ukutani mwa ndani, ng'ambo ya meza ambako wateja hawakufika. Wateja wa mtandaoni walitumiwa shaba kwa basi na waliirudisha kwa basi. Mama mmoja wa Kisumu alisema ya kwake imepotea. Fundi alikataa katakata kumtengenezea pete mpaka ipatikane, na ikapatikana. Na mteja akifa, ndiyo ile safari ya mazishi ninayoisema, Fundi alirudi, akavua viatu, akaiondoa shaba ya marehemu kwenye waya na kuiyeyusha siku hiyo hiyo. Shaba ile iliingia kwenye pete ya atakayekuja. Kwa hiyo waya ule ulikuwa wa watu walio hai. Mtu yeyote aliyekaa naye muda wa kutosha alilijua hilo.

Treni ya mizigo ikipita, ukuta wote ulitetemeka na waya ukalia. Niliizoea sauti ile, nikawa napimia nayo saa ya chai. Ila kulikuwa na mara nyingine, si kila siku, labda mara moja kwa wiki, mchana mkavu, hakuna upepo, treni bado iko mbali huko Maungu, na pete moja ikalia. Moja tu, ting, halafu kimya. Kisha nikamsikia Fundi upande wa pili akiitika.

"Naam."

Aliitika kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni. Kisha tupa ikaendelea na kazi. Mwanzoni nilidhani anazungumza na simu. Baadaye nikaanza kumtania. "Fundi, umeitwa na nani leo?" Hakunijibu wala hakucheka. Nikiitika mimi kwa mzaha kupitia ukutani, "Naam, naam," alinyamaza siku nzima, na jioni aliondoka bila kuniaga.

Sasa niseme habari ya ndugu yangu, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na sababu ya kuandika haya.

Mwakio alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Alichimba mawe upande wa Kasigau, si mbali na kwa Mama, kule Rukanga. Fundi hakununua jiwe kwa dalali. Alitaka aliyelitoa ardhini alilete mwenyewe, na katika wachimbaji wote alimwamini Mwakio. Alikuja kila baada ya wiki kadhaa na mawe yake ndani ya chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Alipotaka kuoa, Fundi akamvalisha shaba kama mtu mwingine yeyote. Wiki iliyofuata alipita kwangu akilalamika kwamba inacheza kidoleni. Kule shimoni walikuwa wanakula vibaya, amekonda.

"Mrudishie Fundi airekebishe," nikamwambia.

"Atanigombeza. Si wewe ni fundi? Fanya kitu, dada."

Nikachukua uzi wa buluu wa sare, nikauzungusha kwa ndani ya shaba mara nyingi, nikaufunga kwa fundo langu, lile ninalofungia vifungo vya makoti, ambalo marehemu shangazi alinifundisha na ambalo sijaliona kwa fundi mwingine. Ikamkaa vizuri. Alinipa mkono tukacheka, akaenda zake. Siku nne baadaye shimo likaanguka.

Waliokuwa chini walikuwa watatu. Wawili walitolewa wakiwa hai. Mwakio hakutolewa. Vijana walichimba siku tano, udongo ukawa unaporomoka tena na tena, na mwishowe wazee wakasema inatosha, shimo litaua wengine. Wakalifunika kwa mawe.

Mama alikataa matanga. "Mtamzika nani?" aliwauliza watu wa kanisa waliokuja na turubai na sufuria. "Nionyesheni mtu wa kuzika." Wakarudi na turubai lao. Mwaka huu ni wa sita. Mlango wake wa mbele haufungwi kwa ndani. Mchumba wa Mwakio ameolewa kwingine na Mama hamsalimii. Na kila Jumapili baada ya ibada ananipigia simu, na baada ya salamu anauliza neno moja.

"Kuna habari?"

"Hakuna, Mama."

Miaka sita. Kifua kimemharibikia sasa, daktari ameniambia nijiandae, na jambo ninaloliogopa si kifo chake. Naogopa afe akiwa bado anasubiri, mlango uko wazi, mtoto hajaliliwa. Hilo linaniamsha kuliko deni lolote.

Fundi hakwenda Rukanga wakati ule, kwa kuwa mazishi hayakuwepo. Nilikasirika naye kidogo. Alikuja upande wangu mara moja tu, akasimama mlangoni, akasema, "Ulizungusha uzi kwenye shaba yangu." Nikashangaa amejuaje. Nikadhani Mwakio alimwambia. Nikasema ndiyo, nisamehe. Akasema, "Si vibaya," akarudi kwake. Baada ya hapo alianza kuniletea chakula mchana, yeye aliyekuwa akila cha kwangu, na hakueleza kwa nini.

Mwezi uliopita aliniambia anafunga karakana. Macho yake yamepata utando, jiwe la ndani halioni tena akiliweka. Niliahidi kumsaidia kufunga vitu Jumapili, siku ambayo sina wateja. Tulipanga tupa kwenye gunia, tukachomoa mtungi wa gesi. Mimi nikapanda kwenye kiti, kile cha kuwakimbia kuku, nikaitoa ile kalenda ya kanisa.

Waya uliendelea nyuma ya kalenda. Uliendelea kama shubiri moja, na mwisho wake palikuwa na pete moja peke yake, imezungushiwa uzi wa buluu.

Nilijua kabla sijaigusa. Uzi ulikuwa umekuwa mweusi kwa jasho na umelika pembeni, lakini fundo lilikuwa langu. Nikashuka kwenye kiti.

"Hii ni ya Mwakio," nikasema.

"Ndiyo."

"Aliingia nayo shimoni."

"Niliwatafuta wale wawili waliotoka, nikawauliza. Aliingia nayo. Mmoja aliiona mkononi mwake taa ilipokuwa bado inawaka."

"Basi nani ameileta?"

Fundi alikaa kwenye gunia la tupa. "Sijui. Mwezi wake ulipotimia, ile asubuhi yenyewe, nilifungua mlango nikaikuta imetundikwa hapo. Kufuli nzima, ufunguo ninao mimi. Na ina tundu, Wakesho. Sikuitoboa mimi."

Nilimkasirikia kwa namna ambayo sijawahi kumkasirikia mtu. Nilimwambia ametuficha mtoto wetu miaka sita, kwamba Mama analala mlango wazi, na kwamba yeye amekaa hapa na jibu nyuma ya kalenda. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika. Aliyasikiliza yote.

"Jibu gani?" akauliza nilipomaliza. "Ningempelekea mama yako, angeniuliza imeletwa na nani. Ningesema sijui. Angesema mwanangu yu hai, ameileta mwenyewe. Angemsubiri hata kaburini. Na shaba hii nimeisoma. Imevaliwa mwezi mzima, Wakesho. Si zile siku kumi na moja za kabla ya shimo kuanguka. Mwezi, na mahali pasipo na hewa, ndiyo sababu haina kijani. Sijui kuisema habari hiyo kwa mama wa mtu."

"Si ungeiyeyusha."

"Mara tatu nimeishika kwenye koleo. Kila nikiwasha moto inaniita."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ile ting ya mchana mkavu. Miaka sita nikiisikia kupitia ubao, nikishona, nikimtania mwenzangu na kuitika naam kwa mzaha, na kumbe ni ndugu yangu. Nililia, sitasema uongo. Fundi alinishika bega kwa ule mkono wake mtupu.

Simu yangu ikaita juu ya meza. Ilikuwa saa ya Mama. Nikabonyeza spika nikaiacha pale pale. Akanisalimu, akakohoa, akaniuliza kama mvua imefika Voi. Halafu akauliza.

"Kuna habari?"

Nilifungua mdomo niseme neno nililolisema miaka yote, na halikutoka. Nikamtazama Fundi. Karakana ilikuwa kimya, treni bado, upepo hakuna. Nyuma yetu, mwisho wa waya, ikalia mara moja.

Nilimwona Fundi akivuta pumzi ili aitike. Kabla hajaitika, sauti ikatoka kwenye simu, ya taratibu, sauti ile ambayo Mama alituitikia nayo sisi wanawe tulipokuwa wadogo.

"Naam, baba."

Mama hakuwahi kuingia kwenye karakana ile. Sikuwahi kumsimulia habari za waya wala za kuitika. Pumzi yake ikasikika ikipanda kwa shida.

"Wakesho. Yuko hapo na wewe?"

"Yuko, Mama." Ndivyo nilivyosema.

"Nimekuwa nikimsikia kwa mbali miaka yote hii, nikadhani anakuja. Kumbe amekaa mahali." Akakohoa tena, akangoja kikohozi kitulie. "Sasa nisikilize. Uje naye Jumamosi. Nitawaambia watu wa kanisa walete turubai. Amechoka kukaa kwa watu, tumzike."

Simu ikakatika. Fundi aliinuka, akapanda kwenye kiti mwenyewe, akapapasa kwa vidole hadi mwisho wa waya kwa sababu macho hayakumsaidia, akaifungua. Ilikuwa shaba ya kwanza niliyoiona ikitoka kwenye waya ule bila kwenda motoni. Kisha akavuta droo, akatoa kiberiti, na ndani yake mlikuwa na pete ya fedha yenye jiwe la kijani, moja ya yale ya kwenye chupa ya kikohozi. Alikuwa ameitengeneza mwaka ule ule, mwezi ulipotimia, kama alivyomtengenezea kila mtu.

"Ile ya shaba mzike nayo," akasema. "Hii mpe mama yako avae. La ndani lipo, mwambie."

Tulikuwa bado tumesimama pale, mimi na pete mbili kiganjani, treni ya mizigo ilipopita. Ukuta ukatetemeka na pete zote za waya zikalia kwa pamoja. Fundi akazisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha upande, na hakuitika.